Barafu ya Ottawa: Starehe ya Watu na Kazi ya Serikali ya Mji

(Haya ndiyo maneno ya hotuba juu ya michezo ya majira ya baridi na kazi za serikali ya mji. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale wasiopata kuyasikia.)

Hotuba hii yahusu mji wa Ottawa, ambao ndio mji mkuu wa Kanada. Huko, mwezi wa Januari unapofika, wakazi hungojea tangazo moja la serikali kwa hamu ile ile ambayo mkulima wa Kitui huingojea mvua ya vuli. Tangazo lenyewe ni fupi: mfereji umefunguliwa. Likisha kutolewa, wazee kwa watoto, makarani na wanafunzi, wenyeji na wageni, huvaa viatu vyenye ulimi wa chuma chini ya nyayo, wakashuka kwenye maji yaliyoganda na kuteleza juu yake kwa furaha.

Huenda mtu akauliza, je, habari za barafu zamfaa nini mtu akaaye karibu na mstari wa Ikweta? Majibu ni mawili. Kwanza, mji wa Ottawa hutumia Kiingereza na Kifaransa, na kwa sababu hiyo watu wengi waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda na nchi nyingine za Afrika wamekwenda kukaa huko. Miongoni mwao wamo wasemao Kiswahili, na jamaa zao walioko nyumbani hupenda kujua maisha yao yakoje. Pili, barafu ile ni mfano ulio wazi wa jinsi serikali na wakazi wawezavyo kushirikiana ili watu wapate mahali pa kuburudika bila kuhatarisha maisha yao. Jambo hilo lahusu kila mji, uwe ni mji wa theluji au mji wa jua kali.

BARIDI YA HUKO IKOJE

Yafaa kwanza kuifahamu baridi yenyewe, maana baridi ya Limuru au ya Nyahururu si kitu mbele yake. Katika mwezi wa Januari wastani wa hali ya hewa mjini Ottawa ni kiasi cha nyuzi 10 chini ya kiwango ambacho maji huganda, na usiku yaweza kushuka hata chini ya nyuzi 20. Theluji inayoanguka kwa mwaka, kama ingepimwa yote pamoja, ingefika zaidi ya mita mbili. Mwezi wa Desemba mchana ni mfupi sana. Jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi, na saa kumi na nusu jioni limekwisha kutua. Mtoto aendaye shule na karani aendaye kazini huondoka nyumbani gizani na kurudi gizani.

Baridi hiyo hudumu miezi minne na zaidi. Mtu akijifungia ndani muda wote huo, mwili hulegea na moyo huwa mzito. Wazee hukaa peke yao bila mtu wa kuzungumza nao, na watoto hugombana kwa kukosa mahali pa kukimbilia. Mgeni aliyetoka nchi ya joto ndiye aonaye taabu zaidi, kwa kuwa mambo yote ya nje aliyozoea, kama kukaa barazani na kupiga soga njiani, hayawezekani. Kwa hiyo michezo ya nje wakati wa baridi huhesabiwa kuwa jambo la afya, na wakuu wa mji huitengea fedha na watu wa kuisimamia kama watengavyo kwa maji na barabara.

MFEREJI NA ASILI YAKE

Mahali pa kuteleza panapojulikana kuliko pote mjini humo ni Mfereji wa Rideau. Mfereji huu ulichimbwa kati ya mwaka 1826 na 1832 chini ya usimamizi wa Luteni-Kanali John By, afisa wa jeshi la Kiingereza. Waingereza walikuwa wamepigana na Wamarekani tangu mwaka 1812, wakataka njia ya maji iliyo mbali na mpaka, ili mashua za askari na vyakula zipite salama kutoka Ottawa mpaka Kingston, mwendo wa kilomita 202. Kazi ilikuwa ngumu mno. Inakadiriwa kwamba wafanya kazi wapatao elfu moja walikufa, wengine kwa ajali za baruti na za mawe, na wengi kwa homa. Na homa hiyo haikuwa nyingine ila malaria, iliyoenezwa na mbu wa mabwawa katika siku za joto. Watu wa Kano na wa Mwea wajua homa hiyo ni adui wa namna gani.

Mji uliokua kando ya mfereji huo uliitwa Bytown kwa jina la afisa yule, na mwaka 1855 ukapewa jina la Ottawa. Vita vilivyoogopwa havikutokea tena, na mfereji ukawa wa mashua za mizigo, kisha wa mashua za matembezi. Mwaka 2007 shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa miaka mingi maji ya mfereji yaliganda kila majira ya baridi bila mtu kuyatumia kwa mpango wowote. Mwanzoni mwa mwaka 1971 Bwana Douglas Fullerton, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Mji Mkuu wa Taifa, alitoa shauri kwamba barafu ile isafishwe ili watu wote wapate kuteleza. Baraza la Mji halikuliunga mkono shauri hilo. Hata hivyo wafanya kazi wa Tume walishika mafagio na mabeleshi, wakasafisha kipande kidogo tu cha barafu katikati ya mji. Inaelezwa kwamba mwisho wa juma la kwanza watu wapatao 50,000 walifika kuteleza. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena kama wakazi wauhitaji mchezo ule.

Siku hizi njia ya barafu ina urefu wa kilomita 7.8, kutoka karibu na majengo ya Bunge mpaka karibu na Chuo Kikuu cha Carleton na kupita. Hakuna kiingilio. Tajiri na maskini hushuka ngazi zile zile, na wako watu ambao huteleza kwenda kazini asubuhi wakiwa na mikoba mgongoni. Tangu mwaka 1979 yako pia maonyesho ya kila mwaka mwezi wa Februari, ambayo watu huja kutazama sanamu zilizochongwa kwa barafu na theluji. Kando ya njia viko vibanda vinavyouza vinywaji vya moto na vitumbua vyao, navyo ni vya unga uliokandwa ukanyoshwa kama mkia wa mnyama, ukakaangwa, kisha ukanyunyiziwa sukari.

BARAFU NJEMA HUTENGENEZWA

Asiyejua hudhani kwamba maji yakiganda kazi imekwisha. Sivyo. Barafu ya kubeba maelfu ya watu hutunzwa kama shamba, na kazi yake huanza mapema, kabla ya baridi kukaza.

Katika mwezi wa Oktoba maji ya mfereji hupunguzwa. Kisha mafundi huweka ngazi za kushukia, vyumba vya kubadilishia viatu, nyaya za umeme na taa. Baridi ikianza, maji huongezwa kidogo mpaka kufikia kimo kinachotakiwa, nayo huachwa yatulie ili yagande sawasawa. Barafu ikishaweza kumbeba mtu, wapimaji huitoboa mahali pengi, wakatazama unene wake na namna yake. Kwa maana barafu ni za namna mbali mbali. Ile iliyo safi kama kioo ina nguvu nyingi. Ile nyeupe, iliyochanganyika na theluji na hewa, ina nguvu kidogo, hata kama kwa macho yaonekana nene.

Adui mkubwa wa barafu changa ni theluji. Mtu wa nchi ya joto atastaajabu kusikia hivyo, lakini sababu yake ni rahisi. Theluji iliyolala juu ya barafu ni kama blanketi juu ya mtu aliyelala. Huzuia baridi isipenye, na chini yake barafu haizidi kunenepa. Basi kila theluji iangukapo, wafanya kazi hutoka usiku na mitambo kuifagia. Baada ya hapo huyavuta maji ya chini kwa pampu na kuyamwaga juu ya barafu, yakaganda tabaka juu ya tabaka, mpaka uso uwe laini.

Kanuni ni kwamba mfereji haufunguliwi mpaka barafu njema ifike unene wa kiasi cha sentimita 30. Ili kuipata hutakiwa siku kumi mpaka kumi na nne za baridi kali mfululizo. Mvua ikinyesha katikati, au jua likawa na joto siku tatu, hesabu huanza upya.

TANGAZO NA BENDERA

Barafu ikisha kufikia kipimo, tangazo hutolewa kwa magazeti, redio na kwa njia nyingine zote za habari, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Wakazi huelezwa kila siku sehemu zipi ziko wazi, zipi zimefungwa, na hali ya barafu ikoje: njema sana, njema, ya kadiri au mbaya. Kwa yule ambaye hakusikia habari wala kusoma, bendera hutundikwa pale ashukiapo. Bendera ya kijani maana yake njia iko wazi. Bendera nyekundu maana yake imefungwa, na mtu asishuke.

Hapa ndipo penye kiini cha hotuba hii. Mpita njia aonaye mfereji kutoka darajani huona uso mweupe tu. Hawezi kujua kama chini yake pana sentimita 30 au sentimita 8. Kama wahenga walivyosema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mtu pekee ajuaye ni yule mpimaji aliyetoboa barafu alfajiri. Kwa hiyo baba amshikaye mtoto wake mkono na kushuka naye barafuni ameyaweka maisha ya mtoto huyo juu ya neno la serikali. Neno hilo likiwa la kweli, siku huisha kwa furaha. Likiwa la uongo, au likichelewa kwa saa chache, matanga huingia nyumbani.

Ukweli huo ulijaribiwa katika majira ya baridi ya mwaka 2022 na 2023. Hali ya hewa ilikuwa ya joto kupita kawaida, theluji na mvua zikaangukia barafu ikiwa bado changa. Wafanya kazi walifagia na kumwaga maji usiku baada ya usiku. Mwanzoni mwa Februari zikaja siku mbili za baridi kali mno, na watu wakatumaini kwamba mambo yametengenea, lakini joto likarudi. Maonyesho ya mwezi wa Februari yalifanywa nchi kavu. Wenye vibanda vya barafuni walipoteza biashara ya mwaka mzima, na wageni waliosafiri kutoka mbali walisimama darajani wakitazama barafu wasiyoweza kuikanyaga. Hatimaye, tarehe 24 Februari 2023, Tume ilitangaza kwamba mfereji hautafunguliwa kabisa. Jambo hilo halikuwa limetokea hata mara moja tangu mwaka 1971.

Ni rahisi kuona jinsi maofisa walivyoweza kushawishika. Watu walikuwa wakinung'unika, wafanya biashara walikuwa na hasara, na kwa macho barafu ilikuwapo. Kufungua sehemu fupi kwa siku mbili tu kungaliwanyamazisha wengi. Lakini kipimo kilisema hapana, na tangazo likasema hapana. Mwaka uliofuata mfereji ulifunguliwa, ila kwa siku 10 tu kwa jumla, na kwa sehemu sehemu. Mwezi wa Januari 2025 watu walishuka tena barafuni, na safari hiyo majira yalikuwa mazuri. Waliposhuka waliamini bendera ya kijani, kwa kuwa waliikumbuka ile nyekundu.

Wataalamu hawakukaa mikono kifuani. Tangu mwaka 2022 Tume imeshirikiana na wanachuo wa Carleton kutafuta njia za kuisaidia barafu iunde mapema, kwa kupima maji na hewa na kujaribu mitambo mipya. Wanajua kwamba dunia inazidi kupata joto, na kwamba majira ya baridi ya wajukuu wao hayatakuwa kama ya babu zao. Majira ya mwaka 1971 na 1972 mfereji ulikuwa wazi kwa muda wa siku 95. Ni wachache watumainio kuiona hesabu hiyo tena.

VIWANJA VYA MITAA

Mfereji husimamiwa na Tume, ambayo ni chombo cha serikali ya nchi. Lakini si kila mkazi akaaye karibu na mfereji, na si kila mama awezaye kuwapeleka watoto wake katikati ya mji. Kwa hiyo Baraza la Mji wa Ottawa, lenye Meya mmoja na madiwani 24, husaidia viwanja vidogo vya barafu katika mitaa. Idadi yake hupita 200.

Mpango wake wastahili kuangaliwa sana. Baraza haliajiri watu wa kutengeneza kila kiwanja. Hutoa msaada wa fedha, maji na vifaa, na kazi yenyewe hufanywa na wakazi wa mtaa wanaojitolea. Baba na mama wa mtaani, baada ya kazi za mchana, hutoka usiku wakati baridi ni kali kuliko saa zote, wakashika mpira wa maji na kuumwagia uwanja tabaka jembamba, wakangoja ligande, wakamwaga tena. Hurudia hivyo usiku mwingi mpaka uwanja uwe tayari. Theluji ikianguka, wao ndio washikao beleshi.

Wakenya hawana haja ya kufundishwa jambo hilo, kwa maana wanalo jina lake: ni Harambee. Faida yake ni zaidi ya kupunguza gharama. Kijana aliyemwona jirani yake akimwaga maji saa tano za usiku hathubutu kuvunja ubao wa uwanja ule. Na mgeni aliyefika mwaka jana kutoka Bukavu au Bujumbura, akichukua beleshi jioni moja na kuungana na wenzake, huwajua majirani zake kwa saa mbili kuliko ambavyo angewajua kwa miaka miwili ya kusalimiana kwa mbali.

THELUJI BARABARANI

Michezo haiwezekani kama watu hawawezi kutoka nyumbani. Kwa hiyo kazi kubwa ya Baraza wakati wa baridi ni kuondoa theluji. Magari ya kusukuma theluji huanza na barabara kuu, zile zipitazo mabasi na magari ya wagonjwa, kisha huenda barabara za kati, na mwisho barabara ndogo za mitaa. Njia za waendao kwa miguu nazo husafishwa na Baraza. Chumvi au changarawe hunyunyizwa ili watu wasiteleze wasipotaka kuteleza.

Mkazi naye ana wajibu wake. Baada ya theluji nyingi, Baraza laweza kupiga marufuku kuegesha magari barabarani, ili mitambo ipate nafasi ya kupita. Gari moja tu likiachwa mahali pake, theluji ya mtaa mzima hubaki, na mzee wa nyumba ya tano hawezi kutoka kwenda kununua dawa. Mwenye gari hilo hutozwa faini. Kadhalika ni kosa mtu kuisukuma theluji ya uwanja wake na kuimwaga barabarani. Mkazi aonaye barabara iliyosahauliwa hana haja ya kunung'unika na jirani yake ukutani. Hupiga simu namba 3-1-1, nambari fupi ya Baraza la Mji, akaeleza mtaa na shida yake.

Fedha za kazi hizi zote hutoka katika kodi ya majengo na mapato mengine ya mji. Kila mwaka madiwani hujadili makisio mbele ya watu wote. Mwenye kutaka njia za miguu zisafishwe mapema zaidi husimama akasema, na mwenye kuona kodi imezidi husimama akasema. Si rahisi kuwaridhisha wote wawili. Lakini wote wawili husikilizwa kabla shauri halijakatwa.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwa faida ya wale walio na jamaa huko, au watarajiao kwenda kusoma na kufanya kazi katika nchi za baridi, mambo yafuatayo yakumbukwe.

1. Usikanyage barafu ya mto, ziwa au bwawa kwa sababu umeona wengine wameikanyaga. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kanada hufundisha kwamba barafu safi na iwe na sentimita 15 kwa mtu mmoja, na sentimita 20 kwa kundi la watu. Barafu iliyo juu ya maji yaendayo mbio si ya kuaminiwa.

2. Vaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, kuliko koti moja zito. Hewa iliyo kati ya nguo ndiyo ihifadhiyo joto. Funika kichwa, masikio na mikono. Mtoto avae kofia ngumu anapoteleza.

3. Vidole, pua au masikio yakifa ganzi na kugeuka rangi, ingia ndani upesi. Usiyasugue, wala usiyapake theluji. Yapashe joto polepole, na umwone mganga.

4. Ukitumbukia majini, usivue nguo, kwa maana zina hewa ikusaidiayo kuelea. Tulia mpaka pumzi irudi, kisha geuka uelekee kule ulikotoka, ambako barafu ilikubeba. Piga miguu kama muogeleaji, jiinue kwa mikono, na ukishapanda usisimame. Jiviringishe mpaka ufike mbali na shimo. Dr. Gordon Giesbrecht, mtaalamu wa Kanada aliyechunguza mambo ya baridi, hufundisha hesabu nyepesi: una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado ina nguvu, na kiasi cha saa 1 kabla baridi haijakutoa fahamu. Basi mtu asikate tamaa upesi.

5. Ukimwona mwenzako ametumbukia, usimkimbilie. Ita msaada, ulale kifudifudi, umtupie kamba, shali au ubao mrefu. Wengi walipotea kwa sababu mwokozi naye alitumbukia.

6. Soma tangazo la siku hiyo. Tangazo la jana limekwisha kazi yake.

SOMO KWA MIJI MINGINE

Nchi ya Kenya haina mifereji ya barafu, ingawa vijana wa Nairobi wameucheza mpira wa magongo wa barafuni katika uwanja wa ndani wa hoteli, na mwaka 2018 wachezaji wa timu yao, Ice Lions, walifika Kanada kucheza. Lakini somo la Ottawa halina haja ya barafu. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 lilizipa serikali za kaunti wajibu wa kutunza bustani, fukwe na viwanja vya starehe. Ufuko wa kuogelea wahitaji mtu wa kuangalia mikondo ya maji, kama barafu ihitajivyo mpimaji. Uwanja wa mpira wa mtaani wahitaji majirani wa kufyeka nyasi na kuokota vigae, kama kiwanja cha barafu kihitajivyo washika mpira wa maji. Kivuko kilichofurika wakati wa masika chahitaji alama nyekundu ambayo dereva wa matatu ataitii.

Tena alama hiyo haitatiiwa kwa sababu ya faini peke yake. Hutiiwa pale ambapo watu wamekwisha kuona, mwaka baada ya mwaka, kwamba mwenye kuitundika amepima kwanza ndipo akatundika, na kwamba hakuibadili rangi ili kumfurahisha mfanya biashara au mkubwa fulani. Imani ya namna hiyo hujengwa polepole kama barafu, tabaka juu ya tabaka, na siku moja ya uongo huiyeyusha.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini mkuu naye ana deni lake katika methali hiyo: neno atoalo liwe la kusikilizwa. Mkuu akilipa deni lake kwa kupima na kusema kweli, na mkazi akilipa lake kwa kusoma, kutii na kushika beleshi, basi mji hupata starehe yake, na watoto hurudi nyumbani jioni wakiwa salama, mashavu yamewaiva kwa baridi, na njaa imewashika.